Kuku wa Pembeni

Obadiah alipoona foleni nje ya kliniki ya macho pale Keroka, hakuona wagonjwa, aliona soko. Akaketi nao asubuhi nzima akimsikiliza muuguzi. Siku ya soko ilipofika alikuwa ng'ambo ya barabara na meza, amevaa koti jeupe la muuza nyama, limefuliwa likatakata. Akipanga chupa zake akagonga mkokoteni wa ndizi, akamtukana mwenye mkokoteni. Siku hizi mikokoteni ya Keroka ilikosa adabu, inamtokea tu kutoka kando.

"Ndugu zangu, nyuma ya jicho kuna chembe zinazoshika mwanga, kama jani la chai linavyoshika jua. Nyingine zinapeleka habari kwa ubongo. Glakoma ikiingia, hizo za kupeleka zinakufa pole pole. Haiumi, haiwashi. Unapoteza pembeni, katikati unaona sawa, unajiita mzima. Na kati ya hizo kuna chache zinazohisi mwanga zenyewe, zinaambia mwili sasa ni usiku, sasa ni mchana. Hizo zikifa, usiku unakesha, mchana unasinzia."

Akapiga mwayo. Hata jana hakulala. Maneno yote yalikuwa kweli, jambo ambalo hakulizoea. Uongo ulikuwa kwenye chupa tu: maji na chumvi.

Kupima kwake kulikuwa rahisi. Mteja anamtazama puani, yeye anachezesha vidole nyuma ya masikio ya mteja, mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

"Unaviona?"

"Sivioni, daktari."

"Pole sana. Chupa moja."

Bonasi ya chai, malipo ya mwaka ya wakulima, ilikuwa bado, kwa hivyo alipokea kuku badala ya pesa. Wakajaa kando ya kiti chake, kulia na kushoto, wamefungwa miguu.

Bitutu, mama mmoja kutoka Nyaramba, alishatoa tetea wake kulipia chupa lakini hakuondoka. Alisimama akimwangalia daktari akipapasa kuku kwa mguu.

"Daktari, hebu na wewe upimwe. Tuone mtu mzima anavyoona."

Watu wakapenda hilo. Obadiah akaketi, akatabasamu.

"Tazama pua yangu, usigeuke," Bitutu akasema. Akanyoosha mikono mbele ya mabega ya daktari, akachezesha vidole.

"Haya mama, anza."

"Nimeshaanza."

Wakacheka. "Huyu ni mwigizaji," mmoja akasema.

Bitutu akasogeza vidole ndani, taratibu, mpaka karibu na mashavu yake mwenyewe. Hapo ndipo Obadiah akaviona. Tabasamu likamkauka.

"Mzee wangu aligombana na milango hivyo hivyo," Bitutu akasema kwa upole. "Tukadhani amerudia pombe, kanisa zima likamwombea. Sasa anawekewa dawa ya hospitali. Kilichokufa hakikurudi, ila kilichobaki kipo."

Obadiah hakuondoa macho kwenye pua ile. Kuku walipiga kelele, lakini ni siku gani kuku wa soko wananyamaza? Alipoinama, palibaki manyoya na kamba. Hakuna aliyekimbia. Kila mtu alipita pembeni tu, akachukua wake.

Tetea wa Bitutu alikuwa kwapani mwa Bitutu.

"Mama," Obadiah akauliza, sauti imeshuka, "ile foleni... inaanzia wapi?"

"Pale pale ulipoketi nasi kumsikiliza muuguzi. Na hilo koti ulivue, wasije wakakuomba dawa."

Akalivua. Kwenye ukingo wa barabara akageuza kichwa kizima kushoto, kisha kizima kulia, kama kuku, ndipo akavuka.