Ombi la Kurudishiwa Tundu la Mfuko

Ndugu Fundi,

Pole na kazi. Natumaini cherehani haijambo, na wewe pia. Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kwamba mfuko wa kulia wa koti langu la dukani umepona.

Koti lenyewe ni lile la bluu ambalo mdogo wangu alisema analileta kwako wiki iliyopita. Kama ujuavyo, mimi na yeye tuna duka la vifaa vya bomba, nusu kwa nusu. Mauzo hayakai kwenye droo, maana droo hufunguliwa na kila mtu. Mimi huyatia mfuko wa kulia, na pesa ya kununulia mzigo hukaa kushoto. Jioni nakung'uta mifuko juu ya kaunta, mdogo wangu analinganisha na alichoandika. Kwa miaka sita pesa ilipungua kila jioni, na kwa miaka sita nilimjibu neno moja tu: tundu. Hakuwahi kuomba kuliona, kwa heshima ya ukaka. Tuliishi kwa amani. Sasa umeliziba, na malalamiko yangu ni haya:

1. Pesa inapungua vilevile. Zamani ilikuwa inadondoka. Sasa inapungua ikiwa ndani ya mfuko mzima, jambo ambalo hata wewe mtaalamu wa nguo utakubali kuwa si la kawaida.

2. Mdogo wangu ameanza kuuliza. Juzi aliniuliza mbele ya wateja kama siku hizi koti linakunywa soda. Nilimweleza kwa upole kwamba soda ya saa sita si matumizi, ni mazoea. Akaandika soda. Nikamweleza kwamba vocha ya simu ni ya duka, kwa kuwa wateja hunipigia. Akauliza tangu lini shangazi yetu ananunua koki. Akaandika vocha.

3. Nimenyang'anywa wema wangu. Kila Ijumaa nilikuwa nampa shemeji kitu kidogo, na kinyozi wa jirani nauli ya kurudi kwake, hata mtaa mzima ukaniita Mkono Wazi. Sasa kila nikitia mkono mfukoni, mdogo wangu anashika kalamu. Kinyozi anatembea kwa miguu na hanisalimii.

4. Hili ndilo zito. Mdogo wangu amesema ikifika Jumamosi sijampa maelezo ya kueleweka, tugawane duka: yeye achukue mabomba na koki, mimi nichukue koti. Duka hili tulilifungua kwa kiinua mgongo cha marehemu baba, na mama kila Jumapili huuliza kama tunaelewana. Nitamjibu nini? Kwamba fundi cherehani ametuvunjia ukoo kwa sindano?

Kwa hiyo naomba utoboe tundu palepale lilipokuwa, upana wa noti iliyokunjwa mara mbili, kwa sababu sarafu peke yake hazitoshi kueleza hasara yetu. Kingo zake uzichakaze kidogo zifanane na za miaka sita. Kisha uniandikie karatasi yenye mhuri kwamba unalifahamu tundu hilo tangu lilipokuwa dogo. Na kwa kuwa jina langu limeingia doa, si vibaya ukanilipa fidia. Nitaitia mfuko wa kulia.

Nisalimie mkeo, watoto, na yule mzee wa pasi anayekaa mlangoni pako. Waambie sina kinyongo na mtu yeyote, isipokuwa uzi.

Mteja wako wa siku nyingi,
Mkono Wazi,
Duka la Mabomba

Tanbihi: Nimempa mdogo wangu barua hii akuletee pamoja na koti. Ameisoma mpaka mwisho akiwa amesimama, na hakucheka hata pale kwenye mhuri. Anasema koti hakulileta kwako. Aliugeuza mfuko nje, akaukuta mzima, hauna hata uzi uliolegea, akalitundika nyuma ya mlango wake siku tatu, kisha akanirudishia na kuniambia limeshonwa. Kwa hiyo huna kosa, wala hunidai. Jumamosi ni kesho.