Mbwa Wangu Hahitaji Bima

Jumamosi, 4 Machi 2017

Kip amemkatia mbwa wake bima ya afya. Mbwa! Ametangaza hayo juu ya ukuta unaotutenganisha, huku akimkuna masikio yule kiumbe wake mwenye miguu mifupi kama ya kochi. Eti siku hizi analala usingizi mzuri, Prof, kampuni italipa kila kitu. Nikamuuliza kama kampuni italipia na akili aliyopoteza. Akacheka. Kip hucheka unapomtukana. Ndiyo sababu yeye amepanda cheo benki na mimi bado nafundisha historia ya uchumi kwa vijana wanaotazama simu.

Bahati mbaya Bosibori alikuwa akianika nguo. Alisikia yote. Wakati wa chakula cha mchana akaniambia Waziri, mbwa wetu, naye akatiwe bima. Nikamweleza mke wangu kwa utulivu (yeye anadai nilipiga kelele) kwamba bima ni kamari. Kampuni inaweka dau kwamba mbwa atakuwa mzima. Wewe unaweka dau kwamba ataugua. Halafu unapiga magoti kila jioni kumwomba Mungu ushindwe! Na ukishalipa, kuna kipindi cha kungoja kabla hawajagharamia ugonjwa wowote. Nikagonga meza hapo. Kipindi cha kungoja! Ugonjwa uambiwe usubiri foleni?

Bosibori akasema sawa, Baba Kemunto. Mpango wako basi ni upi?

Swali la hila. Kemunto akaacha kula. Ana miaka kumi, amezaliwa hapa hapa Johannesburg, Kiswahili anakielewa lakini hujibu kwa Kiingereza, na tangu wezi walipoingia nyumbani mwaka juzi hapati usingizi mpaka Waziri alale mlangoni pake. Akaniuliza: Waziri akiugua sana, atatibiwa au hatatibiwa? Nikamjibu atatibiwa. Nikaapa, mkono juu.

Sasa nahitaji mpango.

Jumapili, 5 Machi

Mpango ninao! Ulinijia katikati ya mahubiri, kwa hiyo mahubiri sikuyasikia. Chama! Sisi Wakenya tunaita chama, Wakongo wanaita likelemba, wenyeji hapa wanaita stokvel. Bara zima lilishatatua jambo hili kabla kampuni hazijajenga ghorofa za vioo kule Sandton. Tunachanga, tunaweka mfuko, mnyama wa mmoja wetu akiugua mfuko unalipa. Hakuna wakala. Hakuna tangazo lenye mbwa anayetabasamu.

Baada ya ibada ya Kiswahili pale Yeoville nikasimama juu ya kiti na kuanzisha Umoja wa Afya ya Wanyama wa Nyumbani. Wamejiunga watu kumi na mmoja papo hapo. Mimi ni mwenyekiti, kwa kauli moja. (Kauli ilikuwa yangu, lakini hakuna aliyepinga.) Évariste, mlinzi kutoka Goma mwenye mbwa wawili, ni mweka hazina, kwa sababu alikuja na sare na sare inatia imani. Murielle, msusi kutoka Lubumbashi mwenye paka mnene, tayari ananiita Papa Président. Sikumkataza.

Katiba imenichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Nimechukua ile ya kikundi chetu cha kanisa cha kusaidiana katika maradhi, uzazi na misiba, ambayo imefanya kazi miaka mingi bila ugomvi, nikaondoa neno "mwanachama" kila lilipotajwa kwenye mafao, nikaweka "mnyama". Basi. Mawakili wangeomba mwezi mzima.

Nilimwalika Kip. Akasema Prof, nitakuja kutazama tu.

Jumatano, 8 Machi

Nimemwandikia mhariri wa gazeti barua ya kurasa sita kuhusu bima ya wanyama. Hawajaichapa. Bila shaka wanahofia kampuni zinazowalipa matangazo.

Jumamosi, 11 Machi

Simu ya Murielle alfajiri. Anapiga vigelegele. Président, paka yangu ameshazala batoto batano!

Nikampongeza. Akaniuliza zawadi zinakuja lini. Kisha akanikumbusha kifungu cha uzazi: mnyama akijifungua, Umoja utapeleka zawadi kwa kila mtoto, yaani blanketi, unga, sukari na sabuni. Nikamwambia kifungu kile kiliandikwa kwa ajili ya binadamu. Akaniuliza nani alikiandika upya. Nikamwambia paka hanywi uji. Akasema mama yao anauweza, amemwona.

Tulikwenda wote Yeoville tukiimba. Paka watano wamelala juu ya blanketi tano mpya, macho bado hayajafunguka. Murielle amepika wali. Ilikuwa sherehe nzuri, nakiri.

Jumapili, 19 Machi

Samaki wa Chepngetich, mwanachama mwenzetu, amekufa. Samaki wa rangi, urefu wa kidole, wa kwenye bakuli. Nilidhani tutatuma rambirambi kwa ujumbe wa simu. Évariste akanionyesha kifungu cha msiba: Umoja utakodi hema na viti hamsini.

Nilibishana. Nikapigiwa kura. Hema lilikuwa jeupe, na watu walipita njiani wakivua kofia. Chepngetich, mhasibu, mwanamke mwenye shahada mbili, alilia machozi ya kweli. Kip alihudhuria, akatoa pole, akala maandazi manne, akaninong'oneza kwamba mfuko wangu unakonda kuliko marehemu.

Hajui historia, huyu. Nauliza: ni kampuni gani ya bima duniani ingemkodia samaki hema? Mfumo unafanya kazi!

Jumanne, 21 Machi

Sikukuu. Kip ametualika kwenye nyama choma nyumbani kwake. Nimekwenda ili kumchunguza adui. Waziri nimekwenda naye, awe mfano hai wa mbwa mzima asiye na bima.

Mjadala ulikuwa mkali. Nilikuwa na gunzi la muhindi mkononi, nikilitumia kusisitiza. Nilipofika kwenye hoja kwamba hofu ndiyo bidhaa pekee isiyohitaji ghala, mkono ukaruka, na gunzi likaruka nao. Waziri akalidaka hewani. Watu wakapiga makofi. Nadhani yalikuwa ya hoja.

Gunzi halikuonekana tena. Ni mbwa mkubwa, ana tumbo la chuma.

Jumatano, 22 Machi

Tumbo si la chuma.

Tangu asubuhi anatapika. Amekunja mgongo kama mzee, hataki hata ini. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Picha ikaonyesha gunzi langu limekwama kwenye utumbo, punje na yote. Daktari akasema apasuliwe leo, kesho asubuhi ikichelewa sana, la sivyo utumbo utaoza na mbwa atakufa. Alitaka nusu ya gharama kwanza. Akaniuliza nina bima?

Nikamweleza kwa nini sina. Nilikuwa bado kwenye karne ya kumi na saba aliponiambia ana wagonjwa wengine.

Hakuna wasiwasi! Umoja upo. Ila katiba iko wazi: fedha za matibabu hazitoki mpaka wanachama wamtembelee mgonjwa nyumbani kwake, wamwombee, kisha wapige kura. Nyumbani kwake. Si kliniki. Kwa hiyo nikamrudisha Waziri nyumbani. Daktari alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Alimdunga sindano ya maumivu akanisindikiza mpaka mlangoni, akirudia neno "kesho asubuhi" kama naongea lugha nyingine.

Bosibori aliponiona nashuka na mbwa yule yule, alimwongoza Waziri ndani, mimi akanipita. Nilitamani anigombeze.

Jumatano hiyo hiyo, baadaye

Saa kumi na moja jioni wakaanza kufika. Wanachama kumi na mmoja, watu ishirini na sita, maana kwetu hakuna anayekwenda kumjulia hali mgonjwa peke yake. Bosibori amekataa kuingia jikoni. Nimechemsha chai mwenyewe, nimekata mikate sita. Wameuliza kama hakuna mayai.

Waziri alilazwa barazani juu ya godoro, watu wakapita mmoja mmoja. Murielle alimletea maua. Évariste akaweka mkono juu ya kichwa chake akaomba, na Évariste akiomba haombi kwa ufupi: alianza na mbwa, akapita kwa viongozi wa nchi jirani, akarudi kwa mbwa. Alipofumbua macho aliniambia polepole: Président, hii mbwa iko nateseka. Tufanye haraka.

Nikaitisha kura. Hapo Kip, ambaye hata si mwanachama, akanyanyua nakala ya katiba aliyoikuta mezani na kuomba nafasi ya kusoma. Kifungu cha pili. Kwa sauti ya benki. Hakuna mnyama atakayepata fedha za matibabu kabla ya kutimiza miezi mitatu katika Umoja. Uzazi na misiba havihusiki.

Kip akaniuliza: Prof, hiki si kipindi cha kungoja?

Nikamjibu kwamba kipindi cha kungoja cha kampuni ni unyonyaji na cha wananchi ni nidhamu. Nilikuwa na mifano mitatu. Nilikuwa nimeanza wa kwanza. Isitoshe, alisema Évariste kwa huzuni, kifungu au si kifungu, baada ya blanketi na hema mfuko umebaki na nauli ya teksi.

Ndipo Kemunto akatoka. Alikuwa amekaa muda wote mlangoni pake, mahali pa mbwa. Akasimama mbele ya watu wote na kusema kwa Kiswahili, ambacho sijamsikia akikisema mbele za watu tangu azaliwe: Baba, uliapa. Waziri wangu anakufa. Naomba muache kuongea.

Mifano yangu mitatu ikanitoka.

Évariste akavua kofia yake ya sare, akaweka noti ndani, akampa Murielle. Murielle akaweka, akampa Chepngetich. Kofia ikazunguka baraza zima, na hakuna aliyeitisha katiba. Ilipofika kwa Kip alikaa nayo kidogo, na alipoipitisha ilikuwa nzito kuliko nilivyopenda. Kisha yeye na Évariste wakamnyanyua Waziri na godoro lake, wakamlaza nyuma ya gari letu. Bosibori alikuwa tayari kwenye usukani. Nasikia alipita robot mbili nyekundu (hapa ndivyo wanavyoita taa za barabarani) akipiga honi.

Mimi nilibaki kufunga kikao rasmi. Kikao kisichofungwa ni batili.

Alhamisi, 23 Machi

Amepona! Yaani amepasuliwa, ameshonwa, ameamka, na amemlamba Kemunto uso mzima. Daktari alisema tungengoja mpaka asubuhi tungekuwa tunazungumza mengine. Nikamshukuru kwa niaba ya Umoja. Akamshukuru mke wangu.

Nilikwenda nyuma ya kliniki nikasimama kidogo peke yangu. Vumbi la kusini mwa mji huu ni baya kwa macho.

Jumamosi, 25 Machi

Nimetulia, nimetafakari kama msomi. Hitimisho: nilikuwa sahihi.

Tazama ushahidi. Mbwa aliugua. Mbwa ametibiwa. Kampuni haikulipwa hata senti. Ni lipi hapo lisiloeleweka? Bosibori anasema watu walimwonea huruma mtoto, hawakufuata mpango wangu wowote. Nikamwambia huruma ndiyo mpango. Nilikuwa sijaiandika tu. Akasema pia kwamba Kip alitoa zaidi ya wote. Nikamwambia huo ni ugawaji upya wa mali, na mwanauchumi yeyote makini angeupongeza. Nitamshukuru Kip nikipata maneno yanayofaa. Bado nayatafuta.

Kisha akanitolea habari. Jana amemkatia Waziri bima, kwa mshahara wake, bila kuniuliza. Kampuni imemwambia tatizo lolote la utumbo halitalipwa, kwa kuwa lilikuwepo kabla. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Kila kiungo kina bima isipokuwa kile anachokitumia! Bosibori hakucheka. Alisema amejua hilo, amesoma, amepiga hesabu, na mbwa huyu bado ana miguu minne, meno, na mwenye mbwa.

Kemunto amewashukuru wote waliokuja, mmoja mmoja. Mimi aliniomba tu nisile mahindi karibu na Waziri. Amesema kwa Kiswahili. Kiswahili kizuri! Nani kakifanikisha hicho?

Jumanne, 28 Machi

Siku kubwa. Nyumba moja haiwezi kugharamia kamari mbili. Kama Bosibori ameingiza bima moja, haki inadai nyingine itoke. Asubuhi hii nimepiga simu na kufuta bima ya gari. Mkopo wake uliisha Januari, hakuna wa kutulazimisha. Msichana wa kampuni aliniuliza mara tatu kama nina hakika, na kama najua naishi Johannesburg. Nikamwambia binti, mimi najua ninapoishi. Akasema sharp, yaani haya basi, akakata.

Umoja wa Magari ya Waumini unazinduliwa Jumapili hii. Safari hii nimekuwa makini. Katiba naandika mwenyewe, mstari kwa mstari, sinakili popote. Hakuna hema. Hakuna blanketi. Kipindi cha kungoja: hakuna kabisa! Gari likipatwa na jambo saa tano, saa sita Umoja unalipa. Kuhusu kulijulia hali gari, nimebakiza kifungu, ila ni hiari, na ni chai tu. Lazima watu waone mfano, kwa hiyo gari letu nimelitoa kwenye banda lake uani nikaliegesha barabarani mbele ya geti, limeoshwa, na kwenye kioo cha nyuma nimebandika karatasi: GARI HILI HALINA BIMA, LINA WATU.

Niko kwenye kifungu cha tisa, kinachohusu wizi, na kimekuwa kitamu sana. Kemunto ameingia sasa hivi kuniuliza kama nimemwazima mtu gari. Sijamwazima mtu. Nimemwambia asubiri, nimalizie sentensi.