Ubongo wa Udongo wa Don Zenobio

El Alto, mwezi wa Machi

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi wa Vitu Vidogo, Safu ya Udongo na Plasta

Mheshimiwa Don Teodosio,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mafua ya mvua hizi yamekupitia mbali. Mimi ni Eduviges Cutipa, ninayeuza api, ule uji wa moto wa mahindi ya zambarau, na maandazi ya jibini nyuma ya kanisa. Umeshakunywa kwangu na unajua kwamba mimi si mtu wa kulalamika ovyo. Kila Januari, kwenye gulio la Alasitas, nanunua kwenu kwa udogo kile ninachokitaka kwa ukubwa, nakifukiza ubani saa sita mchana kama kila mtu, na mwaka hauishi kabla sijakipata. Nilinunua jiko, nikapata jiko. Nilinunua kuku, nikapata shemeji mfuga kuku. Mwaka huu nilihitaji ubongo.

Si wangu. Ni wa mwanangu Limbert, mwenye miaka kumi na mitatu. Tangu mwaka jana, akifika lango la shule anasimama pale, mikono baridi, moyo unamwenda mbio, kisha tunarudi nyumbani wote wawili. Shule imeniambia akiendelea hivi atarudia darasa. Imeniuma sana, maana mtoto si mvivu, anaogopa tu.

Mwanasaikolojia wa shule, Bi. Rocabado, alinieleza kwamba kichwani mwa mtoto kuna sehemu inayopiga kengele ya hatari, na kuna nyingine, nyuma ya paji la uso, ya kusema, "Tulia, ni paka tu." Ile ya kengele huwahi kuiva. Ile ya mbele hujengwa polepole mpaka mtu apite miaka ishirini. Nikamuuliza, sasa miaka yote hiyo ni nani wa kumwambia kwamba ni paka? Akasema, "Ni wewe, mama. Kwa upole, hatua moja moja." Don Teodosio, mimi nina wateja tangu alfajiri. Nikaona ni rahisi zaidi kununua.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Safu yenu nzima haikuwa na ubongo. Mnauza vyeti vya udaktari, pasipoti, malori, watoto mapacha, hata hati za talaka, lakini ubongo hakuna. Mafundi wenu walinicheka. Mmoja alinipa koliflawa ya plasta akaniomba nisiitazame kwa karibu.

2. Don Zenobio, ambaye namheshimu, alikubali kunifinyangia mmoja palepale, mkubwa kama harage. Nilimweleza wazi kwamba sehemu ya mbele iwe imekamilika. Akasema, "Mama, huu umeiva kabisa. Huu ni wa mtu mzima mwenye nyumba." Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Mimi sikuagiza wa mwenye nyumba.

3. Tangu ubongo huo ufukizwe, Limbert anawaza kama mzee. Zamani aliogopa lango tu. Sasa anauliza gesi ikiadimika tutapikia nini. Anaukagua ufa wa ukuta wa jikoni kila anaporudi kutoka chooni. Juzi Hilaria, komadre wangu aliyemsimamia Limbert ubatizo, alikuja kunywa supu ya karanga, mwanangu akamtazama miguu, akamwambia, "Shangazi, hiyo miguu imevimba, presha umepima?" Hilaria hajakanyaga kwangu tena, na sufuria yangu anayo.

4. Ubongo wenyewe unaambukiza. Mbwa wetu, ambaye hajawahi kuwa na akili, sasa hatoki mlangoni bila kutazama pande zote mbili. Na mimi naamka kabla ya jogoo, nasimama kwenye mlango wa chumba cha mtoto, nasikiliza kama anapumua.

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote: Don Zenobio aukwangue ubongo huo upande wa mbele mpaka ubaki nusu. Chama kipige marufuku kuuza ubongo wa mtu mzima kwa matumizi ya mtoto. Na kama hayo hayawezekani, basi nirudishiwe ule wa zamani wa mwanangu, ulioogopa kitu kimoja tu.

Nisalimie mkeo, wajukuu, Don Zenobio mwenyewe (sina kinyongo naye), na yule kijana wa koliflawa.

Wako, ninayedai bila kukosa adabu,
Eduviges Cutipa

N.B. Nilipoutafuta ubongo huo chini ya mto wa Limbert, nilikodhani niliuweka, ili niwaletee kama ushahidi, sikuuona. Nikamuuliza. Akasema, "Ubongo gani, mama?" Nimeukuta kwenye mfuko wa aproni yangu, umegandiwa na unga wa maandazi. Haujatoka humo tangu siku ya gulio. Nikamuuliza tena, sasa haya mambo ya gesi na ufa na presha ya watu umeyatoa wapi? Akasema, "Si wewe unayeyasema usingizini?"

Kumbe nimekuwa nikitembea na bongo mbili za mtu mzima, zote zangu. Naomba Chama kiifute barua hii yote, isipokuwa salamu na habari ya sufuria.

Wiki hii nimewaacha wateja wasubiri, tukafanya kama alivyosema Bi. Rocabado. Siku moja tulilitazama lango kutoka ng'ambo ya barabara. Siku nyingine alishika nondo zake. Leo ameingia. Alipofika ndani aligeuka akaniona nimesimama, akarudi mpaka kwenye nondo, akaniambia polepole wenzake wasisikie, "Nenda nyumbani, mama. Ni lango tu."

Nimemwambia naenda. Maneno haya nayaandika nikiwa nimeegemea lango hilohilo.