Jemadari wa Kandambili za Chooni

Njooni, enyi wote mliowahi kuvua viatu mlangoni pa watu mkagundua soksi imetoboka. Nanyi wenye soksi nzima sogeeni, msijione. Sikilizeni habari kuu ya Garrett mwana wa Lindquist, simba wa Ohio, muunguza wali asiye na mpinzani. Na tukubaliane mapema ili tusigombane mbele: siku ile mjinga alikuwa yeye.

Katika Nyumba ya Kijapani ya chuo chake, makazi ya wanaojifunza lugha hiyo, avukaye kizingiti huacha Kiingereza nje pamoja na viatu vyake. Naye aingiaye chooni huvaa kandambili za chooni, za plastiki, rangi ya waridi, ambazo hazitoki humo hata nyumba ikiwaka moto. Jioni hiyo ya Aprili kila mkazi alipaswa kuhutubia kwa Kijapani mbele ya mgeni, Profesa Kuroda, mzee wa Osaka, kisha mlezi wa nyumba, Bi Morinaga, aamue nani abaki mwakani. Garrett akishindwa angerudi bwenini, kwa yule mwenzake apigaye tarumbeta kitandani.

Basi shujaa akajifungia chooni kuunoa upanga wa ulimi wake. Akaihutubia sinki, akalihutubia taulo, na taulo halikupinga hata neno. Akatoka kifua mbele, akaingia ukumbini, akaikanyaga mikeka mitukufu, akapiga magoti mbele ya mgeni na kukalia nyayo zake. Ndipo makalio yake yakapokea habari za plastiki.

Ole wako, mwana wa Lindquist! Yeye ambaye tangu Septemba hajaweza kukaa kwa magoti hata kikombe cha chai kikaisha, sasa aliatamia aibu yake kama kuku mwenye mayai. Vidole vikafa, vifundo vikafuata, ganzi ikaliteka paja bila upinzani. Akahutubu hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayeaga dunia, machozi yakimlengalenga.

"Kijana ana uchungu na lugha yetu," Profesa akamnong'oneza Bi Morinaga.

Mara sauti ya Tova, jirani yake wa chumba, ikapasua ukumbi kutoka koridoni. "Jamani! Nani kabeba kandambili za chooni? Mwenzenu nimebanwa!"

Garrett akaona njia moja tu ya kuokoka: kurudi kinyumenyume kwa magoti, uso kwa mgeni, nyayo mlangoni. Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akajikokota nyuma. Lakini Profesa, mtu wa adabu zake, naye akainama. Mgeni haachwi akiinama peke yake! Garrett akainama zaidi, akarudi zaidi. Mzee akainama tena, hakubali kushindwa. Yakapigana mapaji mawili ya uso, na mikeka ikatetemeka.

"Inatosha, mwanangu," Profesa akahema. "Mgongo huu ni wa zamani."

"Haitoshi, mzee wangu! Heshima yako haina mwisho!"

Na kwa kuinama kwa mwisho akakivuka kizingiti cha ukumbi, kandambili zikitangulia kama bendera za jeshi. Waandishi wa nyakati, kalamu juu! Tangu nyumba ile ijengwe, hakuna mwingine aliyezitoa kandambili za chooni katikati ya mikeka na kuzirejesha mbele ya macho ya mgeni asione kitu.

"Wewe!"

Tova alikuwa amesimama nyuma yake, amezikodolea macho.

"Bi Morinaga, njoo uone! Garrett kapita na kandambili za chooni kwenye mikeka!"

"Acha uzushi, dada. Nilipiga magoti. Zilikuwa zinatazama dari."

"Na uliingia ukiruka?"

"Huko tusifike."

"Afukuzwe! Mwaka mzima tunamfundisha kuvua viatu!"

"Nifukuzwe? Mimi niliyezirudisha? Na tunagombana kwa Kijapani, hamsikii? Neno la Kiingereza halijanitoka hata moja!"

"Hilo ndilo linaniuma zaidi," akasema Tova, akibana magoti.

Bi Morinaga akatokea mlangoni, kitambaa kibichi mkononi. Kumbe alishaanza kupangusa mikeka tangu Garrett alipoinama mara ya kwanza.

"Tova, vaa uende, usije ukatuletea kesi ya pili. Garrett, chumba umepata: kile kinachopakana na choo, ili ukisahau tena usifike mbali."