Karavani ya Mama Mkwe

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mama mkwe anakuja Jumamosi. Anapasuliwa mtoto wa jicho Jumanne ijayo. Tarehe hiyo ameingoja tangu Machi. Akiikosa, foleni inaanza upya, na daktari alisema jicho lenyewe halitangoja foleni.

Shida si jicho. Shida ni ubavu: atauweka wapi usiku? Kwetu Bungoma mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Hata inyeshe mawe. Hata kama mkwe mwenyewe ni mtu safi kama mimi.

Mwanyumba wangu Wafula, aliyemwoa mdogo wa mke wangu na hachoki kututangazia kwamba anaishi mtaa wa Fedha, ameshapata chumba katika nyumba ya wageni ya kanisa, hatua chache tu kutoka hospitali. Alikuja hapa Mowlem na viatu vyenye ncha, akamwambia mke wangu Everline asijali, kila kitu kimepangwa. Kila kitu! Halafu akanipiga begani na kuniita kaka mkubwa, kama mtu anayemsifu mbwa mzee.

Nimemeza. Lakini sijasahau.

Jumanne, 9 Septemba

Wazo! Nilikuwa Kariobangi kwa fundi Sylvance, nachomelewa mlango wa lori. Nyuma ya rundo la mabati, nikaona karavani. Nyumba ya magurudumu mawili, ina kitanda, kidirisha, na pazia. Wapima barabara waliitelekeza kwake. Sasa kuku wanataga ndani.

Nilisimama nikafikiri. Mama mkwe haruhusiwi kulala katika nyumba ya mkwe. Je, kitu chenye magurudumu ni nyumba? Hapana. Ni gari. Hakuna mzee Bungoma nzima aliyewahi kukataza gari. Wakati mwingine akili yangu hunitisha.

Lori langu la boksi lilikuwa la mikate kabla sijalinunua. Siku hizi linahamisha watu mwisho wa mwezi. Litaivuta. Sylvance ananiachia karavani, nami nambebea vyuma mpaka Krismasi. Nimempigia Wafula nikamwambia aachie kile chumba. Akaniuliza kama nina hakika. Akauliza tena. Mara ya tatu nikakata simu.

Everline hakunipongeza. Alisema tu, huku akimenya vitunguu: Baba Ryan, mama akiikosa hiyo tarehe, mimi usinitafute.

Alhamisi, 11 Septemba

Sylvance ni fundi mzuri ila ana mdomo. Eti nyuma ya lori ni juu mno, karavani itainua pua na kukalia matako. Eti ndoano ya kuivutia ishushwe, kazi ya mpaka Jumatatu. Jumatatu! Na Jumamosi mama mkwe alale wapi, shingoni mwake? Nikamwambia achomelee hapo hapo. Akataka basi tufunge mnyororo wa akiba, ndoano ikikataa mnyororo ushike. Nikamwambia mnyororo ni wa mbwa. Akasema pini ya kufungia haipo. Nikatoa bolti mfukoni. Akaitazama bolti, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, mimi nimesema, na mashahidi wamesikia." Mashahidi ni kuku.

Jioni nikapima ua wa ploti yetu ya kupanga kwa kamba. Jirani yangu Kanyiva, mjane wa Kitui anayeuza vijiko na vinyago vya mti, akauliza kama tunachimba kaburi. Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema kwao mgeni hupewa chai, hapimiwi kiwanja. Mtu wa vijiko umweleze nini kuhusu uhandisi?

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika ili nisilie.

Tuliondoka Kariobangi saa nne, mimi na lori na karavani. Lori la boksi lina kasoro moja: ukitazama nyuma, unaona boksi. Vioo vinaonyesha ubavu wa boksi kushoto na ubavu wa boksi kulia. Karavani nilikuwa naisikia tu. Kwenye tuta la kwanza ilikwaruza lami kama sufuria inayosuguliwa na mchanga. Tuta la pili, vivyo hivyo. Tuta la tatu, kimya. Lori likawa jepesi. Nikasema, imezoea.

Watu walinipungia mikono njia nzima. Nami nikawapungia. Kijana wa bodaboda alinifuata akipiga honi na kupaza sauti. Nikaona huyu anajua kazi nzuri akiiona. Nikampungia pia, nikakanyaga mafuta.

Getini nikapiga honi ndefu. Wote walikuwepo: Everline, Kanyiva, nusu ya ploti, na Wafula, ambaye alikuwa amemleta mama mkwe kutoka stendi na gari lake. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha plastiki, uso upande, begi mapajani. Nikashuka, nikanyoosha mkono kama gavana anayezindua kisima, nikasema karibuni.

Hakuna aliyenitazama. Walitazama nyuma yangu. Wafula akalizunguka lori lote taratibu, akatokea upande wa pili, akauliza kama karavani yenyewe ni ile aina ndogo sana.

Hapo bodaboda akafika, anahema. "Buda, nyumba yako imebaki kwa roundi! Na kuna mathe ashaanza kuuzia chapati ndani!"

Kweli. Kwenye mzunguko wa barabara nilimkuta huyo mama ameweka jiko, na wateja wamekaa kitandani. Alikataa kutoka mpaka unga uishe. Sylvance alikuja akafunga mnyororo, ule wa mbwa, na hilo ndilo lililoniuma. Saa kumi na mbili karavani ikaingia uani, imebonyea matako, inanuka mafuta ya kukaangia.

Mama mkwe akaigeukia kwa lile jicho linaloona. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake, lakini heshima ni heshima, mkwe hasemeshwi, akamuuliza Everline. Hii ni ya nani? Ya Baba Ryan. Imevutwa na gari la nani? La Baba Ryan. Imesimama mlangoni pa nani? Pa Baba Ryan. Akatikisa kichwa. Akasema, mwambie mwenzako, nyumba ukiipa miguu haigeuki kuwa ya mtu mwingine. Kisha akauliza basi la kurudi Bungoma linaondoka saa ngapi.

Wafula akapiga simu kwa nyumba ya wageni. Chumba kilishachukuliwa. Akasema, kaka mkubwa, mimi nilikuuliza mara tatu.

Everline akachukua begi la mama yake, na la kwake. Wakaanza kwenda getini, mama akipapasa ukuta kwa kiganja. Nikakumbuka kwamba huyu mama huchagua maharagwe kwa vidole siku hizi, na mawe yakipita anaomba radhi. Nilitaka kusema kitu. Sikuruhusiwa hata kusimama mbele yake.

Kanyiva akaropoka kutoka mlangoni kwake: mnaenda wapi na giza linaingia? Kwangu kuna kitanda, na sina mkwe hata wa dawa.

Mama mkwe akasimama. Akafikiri. Akageuka.

Kutoka mlango wangu hadi wa Kanyiva ni hatua kumi na moja. Kamba ninayo, nimepima.

Jumatano, 17 Septemba

Jana jicho lilipasuliwa. Salama. Leo bendeji imetolewa. Mama mkwe ameangaza ua mzima, akafika kwenye karavani, akamwambia Everline kwamba kumbe hata rangi yake ni mbaya.

Kuku aliyemleta kutoka nyumbani, kuku ambaye kwa haki yote ni wangu, amepewa Kanyiva. Harufu ya mchuzi nimeipata bure. Everline analala huko huko kumwangalia mama yake. Mimi nalala kwenye karavani, maana lazima mtu ailalie. Imeinama. Nalala kitandani, naamka mlangoni. Wafula ameipiga picha na kuiweka kwenye kundi la familia. Vicheko arobaini. Nimevihesabu.

Jumamosi, 20 Septemba

Mama mkwe ameondoka. Aliacha shukrani kwa Kanyiva na shukrani kwa Wafula. Kwangu alisema, msalimieni mwenye lori. Jicho la pili ni Disemba. Atalala kwa Kanyiva, wamekwisha kukubaliana. Mimi sikuulizwa.

Nimekaa nikajichunguza bila upendeleo. Nakiri, nilikosea. Karavani ilikuwa yangu, na ilisimama kwangu. Hapo ndipo mama alipopata pa kunishika. Basi Disemba itaandikwa jina la Kanyiva. Na haitasimama! Nyumba isiyosimama popote haiwezi kuwa mlangoni pa mtu. Mama atapanda saa mbili usiku, nami nitaivuta polepole mpaka alfajiri: Mowlem, Kariobangi, Fedha, tupite chini ya dirisha la Wafula, turudi.

Kanyiva bado sijamwambia. Everline hata zaidi.

Mchana nimefanya jaribio. Nimelaza gunia la mahindi kitandani, nikazunguka nalo mara moja. Niliporudi nililikuta sakafuni, limepasuka ubavu. Lakini halikulalamika.