Bando la Mabati la Baba Mkwe

Shoga zangu, leo nimeadhirika. Nimejifungia ndani, na tope bado limo masikioni.

Mnajua upepo uling'oa paa la wodi ya wazazi pale zahanati. Juzi mwenzetu kajifungulia chini ya turubai, mvua inamwagika. Basi kanisa likaandaa mbio za baiskeli, kutoka Bondeni hadi Mwaya na kurudi. Baba mkwe wangu, ambaye tangu biashara iachiwe huru anauza mabati, akaahidi: kila atakayemaliza bila mguu kugusa chini, yeye anatoa bando zima.

Nikajiandikisha. (Nani alinituma?)

Siku hizi madukani baiskeli za gia zimejaa tele. Yetu mpya mume wangu kaenda nayo mpakani, nikabaki na ya marehemu babu. Kengele haisikiki, ila vyuma vingine vyote vinasikika. Tairi la nyuma limejazwa mabua ya mpunga tangu enzi za kukosa tyubu. Breki ni kipande cha kandambili. Nikavaa suruali ya mume wangu ndani ya kitenge, kwa heshima.

Hofu yangu ilikuwa moja. Kwetu Wanyakyusa, mke haonani uso kwa uso na baba mkwe. Akitokea, unaacha njia.

"Baba atakuwepo?" nikamuuliza wifi yangu.

"Gwe, baba hatoki dukani. Nenda."

Tukaanza. Vijana wa gia wakapotea mbele yangu sala yangu haijafika amina. Watoto wakanipita kwa miguu. Mama mmoja aliyekuwa akianika kakao akaniuliza, "Dada, hiyo baiskeli unaipeleka kuizika?" Nikazidi kukanyaga, pumzi nilikuwa naitunza. Mwaya nikageuza bila kushuka, mapaja yanawaka. Wakati wa kurudi kandambili ikang'oka. Nikasema potelea mbali, huku kote tambarare, breki ya nini?

Nakata kona ya mwisho, Bondeni, watu wamejipanga. Katikati ya barabara, mbele ya kamba ya kumalizia, amesimama baba mkwe na kofia mkononi! Alisikia kuna mwanamke bado yuko njiani, akatoka kumshangilia. Hakujua ni nani.

Nikaminya breki. Hakuna kitu. Nikafanya alichonifundisha mama: nikaacha njia. (Ndiyo, pamoja na baiskeli.) Nikazama kwenye shimo la wafyatua tofali, kichwa kwanza, kitenge usoni, miguu juu.

Kisha nikamsikia mzee akisemea ukuta wa nyumba iliyo kando, maana alishanigeuzia mgongo: "Suruali ile naijua. Nilimnunulia mwanangu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwinjilisti wetu, ndiye mwamuzi, akatangaza nimeshindwa. Hapo nikalia kweli. Aibu nilishaizoea, nililia lile bando.

Mzee akauambia ukuta tena: "Mwambieni mwinjilisti, nilisema mguu usiguse chini. Miguu iliyokaa vile imegusa nini?"

Watu wakaangua kicheko. Wanaume wakanyanyua baiskeli, wakanikalisha juu yake na kitenge changu usoni, wakanivusha kamba kama mzigo wa ndizi. Wifi akashukuru kwa niaba yangu: "Ndaga fijo, taata." Mzee akaitikia kwa kukohoa, bado anatazama ukuta.

Bando limeshapelekwa zahanati. Anayetaka kucheka namruhusu, ila asubiri siku atakayojifungulia chini ya bati lile, mvua inanyesha, naye mkavu.