Reli ya Shibiri Ishirini

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu, koma kabisa! Mimi si gunia la viazi la kuteremshwa chini. Eti Jumamosi anakuja na mumewe kuhamisha kitanda changu, wakiweke kwenye kile chumba cha pembeni ya jiko. Mama ulianguka mwezi uliopita, mama ngazi zako za kizamani, mama hivi, mama vile. Kitanda kile! Watoto wanne nimewazalia hapa hapa juu, chumbani kwangu, na yeye ndiye wa mwisho na mwenye kelele kuliko wote. Sishuki.

Dawa nimeshaipata. Ngazi zikiwa za kisasa, atasema nini? Ukuta mweupe, taa mpya, reli ya kushikia. Namshukuru Mungu, kichwa hiki hakijazeeka.

Jumanne, 4 Machi

Ukuta umepakwa. Mweupe pe! Ile kijani ya marehemu mume wangu, buriani. Nimemwomba radhi.

Nimepima ngazi mwenyewe, kwa mkono, nikipanda kwa magoti: shibiri ishirini kamili. Nikaenda kwa seremala. Akasema atakuja na tepu yake Ijumaa. Ijumaa! Nikamwambia shibiri ishirini, achonge. Akauliza, shibiri ya nani, bibi? Jeuri huyo! Nikamjibu shibiri ni shibiri, kwani mama yake hakumfunza? Akaandika ishirini. Hawa ukiwakaripia kidogo wanaelewa.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Reli imekuja. Ikaanza chini vizuri, ikapanda vizuri, ikafika juu, ikaendelea! Imetokeza hewani kama mkia wa ng'ombe. Ndipo nikamtazama seremala mikono. Viganja kama sahani za kupakulia! Amepima kwa shibiri zake.

Akashika msumeno akate. Na nani anaingia saa hiyohiyo? Wifi yangu, dada wa marehemu. Mimi humwita Bi Marumaru, maana tangu aweke marumaru kwenye ngazi zake hana habari nyingine duniani. Akauliza, kwa sauti ya asali, kama nimekosea kipimo.

Mimi? Nikosee? Nikasema nimekusudia. Kipande kilichozidi kinapita ukutani, kwenye korido, mpaka... macho yakatua kwenye mlango wa mwisho... mpaka chooni!

Wifi alicheka hadi akakaa ngazini. Akasema, wifi yangu, wewe umejenga reli ya treni, na stesheni ya mwisho ni choo. Seremala naye akacheka, mpumbavu. Lakini akaunga kona, akapigilia. Imefika mlangoni barabara, hakikubaki hata kijiti. Nimekunywa chai bila sukari kwa hasira.

Jumamosi, 8 Machi

Wamekuja. Mkwe kabeba kamba za kufungia kitanda! Nikawaambia kamba baadaye, pandeni kwanza. Mkwe akasifu rangi. Mkwe ana adabu. Binti akatangulia. Akashika reli, akapanda, akafika juu, mkono ukaendelea nayo kwenye korido. Katikati akasimama.

Akasema, mama, reli mpaka huku, kumbe ulianguka hapa?

Kweli. Nilianguka hapo nikienda chooni, si kwenye ngazi. Wao walizilaumu ngazi, nami nikaziachia lawama. Nilijua akishajua hivyo nimekwisha. Lakini akauliza tu ni nani aliyewaza kuifikisha reli mpaka hapa. Nikamjibu, humu ndani nani mwingine ana akili? Akanikumbatia. Akalia begani, kanilowesha gauni lote. Kisha akamwambia mumewe azirudishe kamba kwenye gari.

Kitanda kimebaki juu!

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka kwangu. Nimetoka kitandani, nikashika reli ya korido hadi chooni, na kurudi, mara tatu, bila haja yoyote. Ahsante Mungu. Ahsante marehemu, uliniachia nyumba yenye kuta imara. Ahsante binti yangu, mdomo mrefu lakini moyo mzuri. Hata wifi namshukuru: asingeingia siku ile, ningeiacha ikatwe. Seremala ana mikono ya baraka. Simwambii, atavimba kichwa.

Yote haya ni kwa sababu nilipima vizuri.

Sasa zamu ya dirisha la jikoni. Nimeshapima: shibiri saba kwa tano. Seremala aanze kuchonga kesho asubuhi, na ile tepu yake aiache kwao!